Mitoo Niliyompelekea Mama

Watu huogopa nyoka. Mimi naogopa mboga. Nikiwa sokoni Daraja Mbili, mama mmoja akiinua fungu la mitoo na kuniambia, "Chukua kastoma, hii imetoka shambani leo," kwanza nageuza jani nione mgongo wake. Halafu natafuta ua. Halafu natafuta ganda. Akina mama wale wamenizoea. Wananiita mkaguzi, na mmoja aliwahi kuniuliza kama ningependa mboga yake ije na kitambulisho cha taifa. Nacheka nao. Hawajui kwamba vidole vyangu vimeingia baridi, na sijawahi kuwaeleza sababu.

Aibu yangu ni kubwa zaidi kwa kuwa kazi yangu ndiyo hiyo hiyo. Nimeajiriwa kwa mkataba kuzunguka Kisii na Nyamira nikikusanya mimea ya mwitu ya jamii ya mbaazi. Jamii hiyo ni pana. Ndani yake kuna maharage, kunde, njegere, na hata miti mikubwa ya mbao. Mitoo tunayokula imo humo, na ina ndugu wengi porini ambao hakuna aliyewahi kuwapanda. Ndugu hao wanafanana kupita kiasi. Kila jani limegawanyika vijani vitatu. Ua ni la manjano lenye mistari ya kahawia. Ganda limevimba, na likikauka mbegu zinacheza ndani kama kayamba. Ukipita na pikipiki utasema wote ni mmea mmoja.

Baadhi yao wana sumu. Si sumu ya kukuangusha mezani na kijiko mkononi. Inaingia kwenye ini taratibu, na mtu anaweza kula, akalala vizuri, akaenda shambani wiki nzima, kabla mwili haujaanza kudai. Ndiyo maana mzee aliyenifundisha kazi alikuwa na sheria moja aliyoirudia mpaka ikanichosha: bila ua na bila ganda, usitaje jina. Jani linadanganya. Jani la kivulini si sawa na la juani, na la mmea mchanga si sawa na la mmea uliokomaa. Lakini ganda lina ushahidi. Kwenye mitoo ya kuliwa, vinyweleo vya ganda ni vichache na vimelala, hata kidole hakivisikii. Kwa yule ndugu mwenye sumu ninayetaka kusimulia habari zake, vinyweleo vimesimama.

Nilimsikiliza mzee, na nilikuwa namwona mwoga. Mimi nilikuwa mwepesi. Ningeweza kutaja mmea nikiwa ndani ya gari linalotembea, na mara nyingi nilikuwa sahihi, na kila nilipokuwa sahihi nilizidi kuvimba kichwa. Dereva wetu alikuwa akinipima kwa kunionyesha magugu ya kando ya barabara, na mimi nikitaja majina kama mtu anayesoma rejista ya darasa. Nilipenda sana mchezo ule.

Alhamisi moja tulikuwa Ikonge, kwenye mteremko unaoshuka mtoni nyuma ya mashamba ya chai. Nyumbani kwetu ni hapo karibu. Ukisimama juu ya mteremko unaona mabati ya jikoni kwa mama. Mvua ilikuwa inakusanyika upande wa pili wa bonde, na dereva ameshapiga honi mara mbili kwa sababu barabara ile ikilowa gari halipandi. Kando ya mtaro nikakuta kichaka kizuri cha mimea michanga, imefika magotini, laini, kijani kibichi. Hakikuwa na ganda nililoliona. Maua niliyoyaona yalikuwa bado yamefumba. Nikakata matawi mawili kwa ajili ya kazi, nikayalaza ndani ya gazeti, nikaandika nambari na mahali, na pale pa jina nikaandika mitoo.

Kisha nikakata fungu la kujaza kwapa kwa ajili ya mama.

Nilimkuta amekaa kwenye kigoda mlangoni pa jiko akichambua maharage. Nikamwekea lile fungu mapajani. Nilikuwa na furaha, maana si kila wiki kazi inanipitisha nyumbani, na mama anapenda mitoo kuliko nyama. Akachukua jani moja, akapitisha kidole gumba mgongoni mwake, polepole, mara mbili.

"Hii ni mitoo?" akauliza.

Nyumbani tunaongea Ekegusii. Naandika kwa Kiswahili, na jibu langu linapoteza ukali kidogo njiani. "Mama," nikasema, "si mimi ndiye nafanya hii kazi?"

Nilisema nikicheka, lakini kicheko chenyewe kilikuwa na mwiba, na yeye aliusikia. Akasema, "Haya, sawa." Honi ikapigwa mara ya tatu. Nikakimbilia gari kabla sijalowa, na sikugeuka nyuma.

Kwetu ni Wasabato. Jumamosi moto hauwashwi kwa ajili ya kupika. Chakula cha Sabato kinaandaliwa Ijumaa kabla jua halijazama. Na mboga zetu za kienyeji zinapenda mpango huo. Unazichemsha, unamwaga maji ya kwanza, unatia maziwa, unaziacha zilale. Kesho yake uchungu umepungua na ladha imeingia. Sisi Abagusii hatuogopi uchungu kwenye mboga. Mtoto akikunja uso tunamwambia ni dawa. Ulimi wetu umefundishwa tangu utotoni kuusamehe uchungu, na maziwa yapo kumalizia kesi. Sasa mtu aniambie, sumu yenye uchungu ikiingia kwenye chungu cha namna hiyo, nani ataisikia?

Sikuwa nimewaza hayo hata siku moja mpaka Jumamosi ile.

Nakaa Nyanchwa, mjini Kisii, chumba na sebule. Asubuhi ile sikwenda kanisani. Mimea iliyobanwa kati ya mbao inabadilishiwa magazeti kila siku, la sivyo inaota ukungu, na Ijumaa nilikuwa nimesahau. Huo ulikuwa udhuru wangu mbele za Mungu. Nyimbo zilikuwa zinashuka kutoka kanisani mlimani, dirisha liko wazi, nami natoa gazeti lililolowa na kuweka kavu, moja baada ya jingine, bila haraka.

Nikafika kwenye ile karatasi ya Alhamisi. Tawi moja lilikuwa limejigeuza, migongo ya majani iko juu. Mwanga wa dirishani uliipiga kwa upande, na nikaona kitu kama vumbi jeupe. Nikapuliza. Halikutoka. Nikachukua lenzi ninayoning'iniza shingoni.

Vinyweleo. Vimesimama.

Nikatafuta chini ya majani, kwenye kikonyo, huku nikijiambia kwamba mmea mchanga wakati mwingine huwa na vinyweleo vinavyopotea baadaye. Ni kweli, huwa. Lakini nyuma ya kijani cha mwisho, kimejificha, kulikuwa na ganda moja changa, dogo kuliko kucha ya kidole cha mwisho, limevaa manyoya mwili mzima kama kiwavi. Mitoo haina ganda la namna hiyo. Haijawahi kuwa nalo. Nilikuwa nimempelekea mama ndugu mwenye sumu, fungu zima, na kumwambia ale.

Niliogopa. Nataka kulisema bila kulipamba. Nikakaa sakafuni na gazeti mapajani. Saa ilikuwa saa tano kasoro. Ijumaa mama amepika. Leo wakitoka kanisani saa saba watakula. Kwenye meza hiyo watakuwa mama, mke wa kaka yangu, na watoto wake wawili, mmoja wa miaka sita na mmoja wa miaka mitatu. Kaka yangu anafanya kazi Mombasa.

Nikapiga simu ya mama. Imezimwa. Mama huzima simu Ijumaa jua likizama na haiwashi mpaka Jumamosi jua lizame, na nilikuwa nikijivunia jambo hilo mbele ya watu. Nikapiga ya wifi yangu. Imezimwa. Nikapiga tena zote mbili, mara sita, mara kumi, kama mtu anayegonga nyumba anayojua haina mtu. Kisha nikaikunja ile karatasi, nikaitia ndani ya koti, nikatoka.

Mwenye bodaboda alinitazama usoni akaniuliza, "Madam, kuna matanga?" Nikamwambia aende tu. Kutoka Nyanchwa mpaka Ikonge si mbali ukiwa na amani. Siku ile njia ilirefuka. Kila tulipopita watu wamevaa nguo za kanisa wakitembea kando ya barabara, nilihesabu kwamba ibada imekwisha mahali, na kama imekwisha hapa imekwisha na kule, na sahani ziko mezani. Nilijaribu kuomba. Kila nilipoanza, nilijiona nikisema, si mimi ndiye nafanya hii kazi, na sala ikakatika.

Nilipofika, wifi alikuwa nje anasuuza sahani.

Nilimuuliza hata kabla sijashuka vizuri. "Mmeshakula?"

"Tumekula, wifi. Karibu. Mama amebaki kanisani, ana mkutano wa mashemasi. Sisi tumetoka mapema kwa sababu ya huyu mdogo, alikuwa anasumbua."

"Mmekula nini?"

"Ugali na mboga." Akaanza kunishangaa. "Ile mama alipika jana. Mimi jana nilikuwa nachuma chai, nilikuta ameshaipua. Nikupakulie?"

Nikampita, nikaingia ndani. Watoto wote wawili walikuwa wamelala mkekani, midomo wazi. Ni watoto waliokula wakashiba wakalala mchana, jambo la kila Sabato. Mimi sikuona hivyo. Niliwanyakua, nikawatikisa kwa mabega mpaka yule mdogo akaamka akilia na yule mkubwa akajikunyata ukutani akinitazama kana kwamba mimi ndiye mgonjwa. Mama yao alifika mlangoni na maji yakimdondoka mikononi.

"Wifi, uko sawa kweli?"

Nikaenda jikoni. Sufuria kubwa ilikuwa imefunikwa, na mboga imebaki robo. Nikachota kwa mwiko, nikaitandaza kwenye sahani, nikatoa lenzi. Hapo ndipo nilipojua jinsi elimu yangu ilivyo ndogo. Mboga iliyochemshwa, ikamwagwa maji, ikapondwa na maziwa, ikalala, ni kitu cheusi kimoja. Hakuna vijani vitatu, hakuna mgongo, hakuna vinyweleo. Miaka yangu yote ya kutenganisha huyu na ndugu yake ilihitaji mmea uliosimama. Nilionja kidogo kwa ncha ya ulimi. Ilikuwa chungu, tamu kwa maziwa. Ilikuwa mboga ya mama.

Nikamwambia wifi. Nilimwambia yote, na mkono wangu ukatoa ile karatasi kwenye koti kana kwamba yeye angeweza kunihukumu vizuri zaidi akiuona mmea. Hakuutazama. Alikaa juu ya kikapu cha chai kilichofunikwa kifudifudi.

"Lakini wewe ndiye ulimwambia ni mitoo," akasema.

"Mimi."

"Watoto wangu, wifi."

Afadhali angenitukana.

Tulichukua pikipiki mbili mpaka zahanati, kila mmoja na mtoto wake, na mwenye pikipiki wa tatu tukamtuma kanisani akamwite mama. Mimi nilimpakata yule mdogo. Alikuwa ameshasahau kilio na sasa alifurahia safari, anaonyesha ng'ombe kwa kidole, anataja, "Ng'ombe. Ng'ombe ingine." Nilikuwa nikimnusa kinywani. Sijui nilitarajia harufu gani.

Zamu ilikuwa ya binti mmoja mtulivu ambaye kila mtu anamwita daktari. Aliniuliza mmea gani, kiasi gani, saa ngapi. Nikamtandazia gazeti mezani. Aliinama akaangalia kwa heshima, kisha akasema ukweli wake: "Mimi hii siijui. Wewe unaijua?"

"Sasa naijua."

Aliwapima watoto joto, akawabonyeza tumbo upande wa kulia chini ya mbavu, akawavuta kope za chini akatazama macho. Alisema atatoa damu ipelekwe maabara Kisii, na kwamba kama ni ini, leo damu inaweza isionyeshe kitu. Ilikuwa lazima tungoje. Wifi alimshika mtoto wake mkubwa mkono wa sindano na kuninyima uso wake kabisa, akanipa bega tu.

Mama aliingia wakati daktari anafunga mpira kwenye mkono wa mtoto. Alikuwa na kitambaa cheupe cha mashemasi, viatu vyenye matope, na pumzi imemwishia. Alitutazama mmoja mmoja, akauliza nani amekufa. Nikamwambia. Ilinibidi nianze mara tatu. Nilimwambia ile mboga si mitoo, kwamba ni sumu ya ini, kwamba nimekosea.

Mama akavuta kiti, akakaa.

"Watoto hawakula hiyo," akasema.

Daktari alibaki na sindano hewani.

"Kwa sufuria kubwa nilipika saga na managu, mboga zetu za kila siku. Zile zako hazikuingia hapo. Nilizishika nikasikia zina manyoya kwa mgongo. Mitoo haina manyoya, hata mtoto anajua. Nikasema, pengine ni mitoo ya kisasa. Ya huko kwenu kwa kazi."

"Sasa ulizitupa?" wifi akauliza. Sauti yake ilikuwa imejaa machozi tayari.

"Nilizipika kwa kasufuria kadogo. Nikakula mimi."

Nakumbuka kwamba kitu cha kwanza nilichosikia moyoni kilikuwa furaha. Watoto wamepona. Wifi alianza kulia akiwabana wote wawili kifuani, na mimi nikacheka, nilicheka kwa sauti kama mwendawazimu, na nilikuwa katikati ya kicheko hicho maneno ya mama yalipomaliza kuniingia.

"Ulikula kiasi gani?" nikamuuliza.

"Sahani moja Alhamisi jioni. Iliyobaki nikamaliza jana."

"Kwa nini ulimaliza, mama, kama ulikuwa na shaka?"

"Sasa ningemwaga chakula?" Alinitazama kana kwamba mimi ndiye ninayehitaji kutunzwa. "Kwetu, nikiwa msichana, njaa ikija tulikuwa tunaleta mboga zingine hatujui. Nyanya yangu alikuwa anakula peke yake siku mbili. Akiamka vizuri, anasema pikieni watoto. Mimi nimeamka vizuri jana na leo. Nilikuwa nataka kukuambia kesho kwamba hiyo mboga yako ni nzuri, ni chungu tu."

"Ungenipigia simu."

"Nikuambie nini? Kwamba nimekusomesha, halafu nakuuliza tena mboga?"

Hili ndilo lililoniumiza kuliko yote, na linaniuma hadi leo. Aliijua. Kidole chake kilikuwa kimeijua mlangoni pa jiko, kwa kupitisha mara mbili, bila lenzi wala gazeti. Angeweza kunibishia. Lakini nilikuwa nimemkata kwa kicheko chenye mwiba, na yeye, ili asiniaibishe mimi wala asiwahatarishe wajukuu, alipata njia ya tatu, akaitia mdomoni.

Daktari alimpima yeye kwa muda mrefu kuliko watoto. Alimwandikia kupimwa damu siku ile, damu baada ya wiki mbili, na damu baada ya mwezi. Alitwambia tuchunge tumbo lisivimbe, mkojo usiwe mweusi kama chai ya rangi, na zaidi ya yote tuchunge weupe wa macho. Ukigeuka manjano tusingoje tarehe.

Damu ya kwanza ilikuwa sawa. Daktari alishasema ya kwanza haina maana, hivyo haikunifariji. Damu ya wiki mbili ilikuwa sawa pia, na bado sikuweza kula mezani na watu. Nilikuwa nikiamka Nyanchwa, kabla ya chai, nampigia mama.

"Umeamkaje?"

"Vizuri."

"Tumbo?"

"Liko mahali pake."

"Macho?"

Hapo nilimsikia akinyamaza kidogo, kama mtu aliyekwenda kwenye kioo akarudi. "Nyeupe," anasema. "Nyeupe kabisa."

Ndipo napata nguvu za kuvaa viatu. Siku hiyo nafanya kazi, naweka lenzi kwenye mimea, naandika, na kufikia jioni nguvu zimekwisha na ninaanza kungoja asubuhi. Nilifanya hivyo kila siku kwa zaidi ya wiki tatu. Neno lile moja, nyeupe, ndilo lililokuwa linanibeba. Kazini niliacha ule mchezo na dereva. Akinionyesha mmea namwambia asimamishe gari nishuke, na aliacha kunionyesha.

Kisha asubuhi moja simu ya mama ilipokelewa na wifi. Tulikuwa tumeanza kuongea tena, kwa tahadhari. Aliniambia mama amekwenda kukamua. Nikamwomba, basi akirudi mwambie ajitazame macho kwenye kioo anipigie.

"Kioo gani?" akauliza.

"Kile anachojitazama kila siku."

"Wifi, mama haoni kwa kioo. Tangu mwaka jana macho yake yana ukungu. Mimi ndiye namwekea uzi kwa sindano. Hata mboga anachambua kwa kushika. Alinikataza nikuambie, alisema utaacha kazi uje umpeleke hospitali ya macho."

Sikumaliza chai. Wiki tatu na zaidi nilikuwa nimeegemea macho ambayo hakuna aliyeyatazama. Alikuwa akinyamaza kidogo, kiasi cha mtu kwenda kwenye kioo, kisha ananipa neno ninalolitaka. Nilimkasirikia, na kabla hasira haijafika mbali ikageuka hofu ile ile ya kwanza. Kama yangekuwa yamegeuka manjano wiki iliyopita, nani angejua? Wifi huondoka kwenda chai giza halijaisha.

Damu ya tatu ilikuja kuwa safi, na ya mwezi uliofuata pia, na yuko hai ananigombeza. Nasema mapema ili usiteseke bure. Lakini asubuhi ile sikuwa na majibu yoyote ya damu mkononi. Nilikuwa na njia ya Ikonge tena, na bodaboda mwingine, na umande bado uko kwenye chai.

Nilimkuta amekaa kwenye kigoda chake. Nilimsalimia, nikapiga magoti mbele yake, nikamshika kidevu nikakigeuzia mlangoni kwenye mwanga. Hakuuliza kwa nini. Alifungua macho yote mawili akatulia, mtiifu, kama tulivyokuwa tunatulia sisi alipotutoa vumbi machoni.

Katikati kulikuwa na ule ukungu, wa rangi ya maji ya mchele. Nilikuwa nimekaa naye mezani mara ngapi mwaka ule bila kuuona? Nikatazama weupe. Haukuwa mweupe. Macho ya mtu aliyepuliza moto wa kuni maisha yake yote hayana weupe wa mtoto. Yana vijishipa, yana kahawia kwenye pembe, yana rangi yake ya uzee. Nikavuta kope ya chini. Nikamwomba atazame juu. Nikamtoa nje kabisa, nikatazama tena juani. Kulikuwa na rangi pale pembeni, au mwanga wa asubuhi ndio uliokuwa na rangi. Niliangalia mpaka macho yangu mwenyewe yakaanza kutoa maji.

"Nyeupe?" mama akauliza.

Nilitaka sana kumpa neno lake. Lilikuwa tayari mdomoni.

"Sijui, mama," nikasema. "Siwezi kujua kwa kutazama tu."

Aligeuza uso wake kwangu, si sawasawa kwangu, pembeni kidogo.

"Ungesema hivyo Alhamisi ile," akasema, "ile mboga ningeitupa kwa shimo." Kisha akanyoosha mkono nimwinue, akaniuliza viatu vyake vya kwenda zahanati viko wapi.